Kaniki, Kaki na Uzi: Shajara ya Mshona Maleba

Jumapili, 14 Januari 2024

Mwaka huu najiandaa kuwa mshona maleba. Nataka iwe kazi ya kuishi nayo, isiwe ya kusaidia kikundi cha mtaani siku ambazo wateja wamepungua. Cheti cha VETA ninacho na mkono ninao: sketi, suti, sare za shule, gauni la harusi, vyote navimaliza dukani kwa shangazi pale Tandika bila kumuuliza mtu. Lakini mteja wa Tandika anataka apendeze. Mtu wa jukwaani anatakiwa aaminike. Aliyekaa kiti cha nyuma kabisa lazima ajue, kabla mchezaji hajatamka neno, kwamba huyu ni mkulima, yule ni akida, na huyu hapa jana kalala na njaa.

Kikundi chetu cha maigizo kimenipa mavazi yote ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji, iliyochapishwa mwaka 1969. Tutaonyesha mwezi wa sita. Fedha ya vitambaa ni ndogo na ujira ni mdogo zaidi, ila mwongozaji amekubali tuandikiane. Shangazi ameuliza nguo za sikukuu atashona nani. Nimemjibu, "Shangazi, mpaka saa kumi jioni ni za dukani, baada ya hapo ni zangu." Hakusema kitu, lakini kabla ya kufunga kaniachia ile cherehani nzito ya pembeni, inayopita kwenye jinsi bila kuvunja sindano. Nimemshukuru sana.

Jumamosi, 3 Februari

Kabla ya mkasi, jedwali. Nimelichora kwenye daftari kubwa la hesabu: wahusika wanashuka upande wa kushoto, maonyesho yanakwenda kulia. Katika kila chumba naandika mhusika amevaa nini, ni saa ngapi za siku, ametoka kufanya nini, na nguo itapatwa na nini: maji, vumbi, damu, kuvutwa. Chini ya ukurasa naandika nani anatoka akiwa nani na anarudi akiwa nani.

Jedwali limenionyesha jambo ambalo kusoma kwa raha kusingenionyesha. Kikundi chetu ni kidogo, kwa hiyo vijana wawili wanaotoka wakiwa wakulima wanarudi wakiwa askari wa Mjerumani. Mwongozaji amepima kwa simu: hawana hata dakika mbili. Sare ya askari ina koti, suruali, mkanda, kofia, na vile vitambaa vya kuzungushwa miguuni kutoka kifundo hadi chini ya goti. Kuzungusha mguu mmoja tu ikae vizuri kunamaliza muda wote huo.

Basi havitazungushwa. Nitashona soksi ya turubai jembamba isiyo na wayo, niizungushie kitambaa cha kaki hukuhuku mezani, nishone kila mzunguko, kisha nipasue nyuma na kuweka ndoano na lastiki. Velkro ingekuwa rahisi zaidi, lakini ikifunguliwa inalia, na wakati huo ukumbi mzima umenyamaza.

Jumanne, 20 Februari

Nimeshinda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nikitazama mambo ya enzi ya Wajerumani. Katika picha za zamani macho humwendea mwenye cheo. Mimi nawatafuta waliosimama pembeni: shuka limefungwa kiunoni au kwapani, pindo linaishia wapi, kitambaa kinaning'inia kwa uzito gani, kiraka kimekaa upande upi.

Askari ni kaki juu hadi chini, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, nembo ya tai mbele. Watu wa vijijini ni merikani, pamba isiyopaushwa, na kaniki nyeusi.

Jioni hii kuna jambo haliniachi. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba. Pamba ile waliyolazimishwa kuilima haikuwa ya kuwavika wao. Ilikusudiwa viwanda vya Ulaya, na wakulima wenyewe wakajifunga nguo za ng'ambo: kaniki, na merikani ambayo meli za Marekani zilikuwa zimeanza kuishusha Unguja tangu miaka ya 1830. Mkulima wa pamba anavaa pamba iliyofumwa mbali naye, na anainunua. Nataka hilo lionekane bila mchezaji yeyote kulisema.

Kwa hiyo poliesta haitagusa mwili wa mwanakijiji. Chini ya taa inang'aa, na haikunjamani inavyotakiwa. Pamba inakunjamana, inanywa jasho, inachakaa magotini. Askari nao watapata kaki mpya iliyopigwa pasi kavu, mistari imesimama. Wakisimama pamoja, nguo zitakuwa zimeshaeleza nani anamlisha nani.

Kanga nimeiondoa, ingawa wachezaji wa kike wameiomba. Kanga za leo zina jina kwa herufi za Kirumi, na za zamani zile zilizoandikwa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtazamaji akiliona jina atalisoma, na akishaanza kusoma ameacha kusikiliza. Wahusika wa kike, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, watavaa kaniki.

Jumamosi, 9 Machi

Usiku, bando likiwa nafuu, nasikiliza mahojiano ya Ruth E. Carter. Mwaka 2019 alipata tuzo ya Oscar ya mavazi kwa filamu ya Black Panther, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na mwaka 2023 akaipata tena kwa Black Panther: Wakanda Forever. Watu wanataja tuzo. Mimi nimeshikwa na njia aliyopitia. Mapema katika safari yake alijifunza kazi kwenye karakana ya opera ya Santa Fe. Na alipopewa Malcolm X, filamu ya mwaka 1992, aliomba ruhusa Massachusetts asome jalada la Malcolm X la gerezani. Jalada la gerezani, kwa ajili ya suti! Lakini naelewa. Ukijua mtu alivyokuwa anaandika barua akiwa ndani, utajua alivyotaka kuonekana siku anatoka.

Nami nimemfungulia kila mhusika bahasha. Ndani kuna picha, kipande cha kitambaa, vipimo, na karatasi ya maswali. Nguo hii aliipata wapi? Anayo nyingine? Anaifulia wapi? Nani alimtilia kiraka? Majibu hayamo kwenye tamthilia. Ni yangu, ya kuniongoza mkasi. Kwa Kitunda, mmoja wa wahusika, nimeandika: "Shuka moja zuri, la kwenda nalo kwa watu. La shambani limeungwa vipande viwili." Baada ya kuandika hivyo sikuhangaika tena kutafuta upana wa shuka lake la shambani. Lina mshono katikati.

Jumamosi, 30 Machi

Ramadhani. Magauni na kanzu za watoto zimejaa mpaka kwenye benchi la wageni. Maleba yamelala.

Kampuni moja ya filamu imenipigia. Wanataka nguo za harusi na za msiba za waigizaji wao wote, na malipo yatakuwa jina langu mwishoni mwa filamu. Nimekataa kwa adabu. Jina nalitaka, tena lina thamani. Ila dereva wao analipwa, mpishi analipwa, mwenye taa analipwa. Mshonaji akikubali kuwa yeye peke yake ndiye wa bure, binti atakayekuja nyuma yake ataikuta kazi haina bei. Nimewaandikia gharama zangu katika mafungu matatu: vitambaa na vifaa, ufundi, na kuwepo eneo la kazi siku za kurekodi. Hawajajibu. Karatasi hiyo nimeihifadhi, maana ndiyo mara ya kwanza nimeipanga bei yangu kwa maandishi na ninaiamini.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikukuu imepita. Mzee mmoja anayeshona kanzu Kariakoo jana alinikubalia nikae naye. Nilikwenda na swali la koti la askari. Likibana kifuani, mchezaji akipeleka bunduki begani koti lote linapanda, mkanda unahama, tumbo linaonekana. Nikilipanua linapwaya, na sare ya jeshi haipwayi.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alitoa kanzu kuukuu chini ya meza, akaifumua upande mmoja na kuitandaza. Badani ya mbele, badani ya nyuma. Taharizi za ubavuni, zinazompa mtu nafasi ya kupiga hatua. Na chini ya mkono, kipande kidogo cha mraba kilichokaa kwa pembe: kikwapa. Akanipa kanzu nzima niivae juu ya nguo zangu. "Haya mjukuu wangu, nyanyua mkono, chuma embe." Nikanyanyua mpaka mwisho. Pindo la chini halikusogea.

Nimekesha na koti. Kikwapa ni mraba wa sentimita 10, umekatwa mshazari ili uvutike, umeingizwa pale mshono wa ubavu unapokutana na wa mkono. Mshono wa mkono nimeupandisha juu zaidi kwapani, tofauti na nilivyozoea, kwa sababu kinachomfunga mtu ni shimo la mkono lililoshushwa chini. Pembe nne za mraba nimezishona kwa mkono, mishono midogo ya kurudiarudia, kwa kuwa hapo ndipo panapochanika kwanza. Nyuma ya kila pembe nimeweka kijipande cha utepe wa pamba. Mkono ukiwa chini kikwapa kinajikunja ndani na hakionekani. Mkono ukipanda kinafunguka. Kijana amelijaribu leo hii: amenyanyua bunduki ya mbao, amepiga goti, amegeuka ghafla. Mkanda umekaa palepale.

Furaha niliyo nayo siwezi kuificha. Koti la jeshi la Ulaya limepona kwa ufundi wa kanzu ya Mwambao. Kuanzia leo, kabla sijatafuta dawa kwenye kitabu cha mbali, nitafumua kwanza nguo za hapa na kuwauliza wazee wanaozishona wangali hai.

Jumamosi, 4 Mei

Vipimo. Dukani tunachukua bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, mtu amesimama wima. Hapa naongeza kifua akivuta pumzi ya kuimba, mgongo akiwa amekumbatia, goti akiwa amechuchumaa, kichwa kwa ajili ya kofia. Kwa wanaoruka na kubingirika, naongeza mzunguko mrefu: kutoka begani, kupita katikati ya miguu, kurudi begani palepale. Huo ukiwa mfupi hata sentimita chache, suruali inapasuka mbele za watu.

Kipimo hicho hakichukuliwi kienyeji. Kwa wanawake tunaingia chumbani na mwenzake. Kwa wanaume namweleza, anashika ncha ya futi mwenyewe, rafiki yake anasoma namba, mimi naandika nimegeukia daftari. Mama anayecheza Bibi Kitunda, mtu wa majukwaa wa miaka mingi, kaniambia, "Mwanangu, wengine walikuwa wanatupima kama magunia." Nimeiandika kauli hiyo kwenye jalada la daftari la vipimo. Mchezaji aliyepimwa kwa heshima hukwambia ukweli kuhusu mwili wake: bega lililowahi kuteguka, kovu linalowasha, titi linalonyonyesha. Nguo inakatwa kwa habari hizo.

Ziada ya mshono: dukani ni sentimita moja na nusu, kitambaa ni ghali. Hapa naacha sentimita 4 ubavuni na katikati ya mgongo. Mwakani koti hili litavaliwa na mtu mwingine, na litatakiwa lifunguke bila kuzaliwa upya. Kwa ndani naandika jina la mhusika na onyesho, kwa wino usiotoka. Kila paterni naijaribu kwanza kwa kitambaa cha bei nafuu, napiga bandi, namvisha mtu, namwacha atembee, ndipo nakata cha kweli.

Jumamosi, 18 Mei

Kuzeesha nguo. Merikani ikitoka kwenye jora ina wanga na inasimama. Inafuliwa kwa maji ya moto mpaka wanga uishe, inalowekwa kwenye chai nzito au maji ya magome ya mkoko yaliyochemshwa, inaanikwa juu ya bati. Halafu msasa. Msasa haupigwi ovyo. Mtu anayebeba jembe bega la kulia, shuka lake linachakaa kulia. Anayetwanga, nguo inachakaa kifuani na mapajani. Mnyapara hachuchumai shambani, kwa hiyo magoti yake ni mazima. Nimemtazama jirani yetu anayeuza mkaa kwa muda mrefu, kwa ruhusa yake, nijue vumbi linakaa wapi kwenye mwili wa mtu anayefanya kazi: mikunjo ya kiwiko, chini ya kitovu, pindo la mbele kuliko la nyuma. Udongo mwekundu nimeuchekecha, nikauchanganya na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, nikaupaka kwa brashi ili usipukutike jukwaani.

Kisha nikaingia kwenye tatizo kubwa kuliko yote. Masimulizi ya wazee yanasema Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, alizama majini kule Ngarambe, ndugu zake wakalala ukingoni, wanaojua kuogelea wakapiga mbizi wasimwone, na kesho yake akatoka salama, nguo zake kavu. Ukavu huo ndio muujiza wenyewe. Watu wakiukosa, maji ya dawa hayana uzito, na kifo cha wote walioyaamini kinakuwa ujinga mtupu. Nguo kavu inaonekanaje kutoka kiti cha nyuma?

Jibu: haionekani, mpaka kuwe na iliyolowa karibu yake. Kaniki haifai hapo, ni nyeusi ikilowa na nyeusi ikikauka. Merikani isiyopaushwa ikilowa inakuwa kahawia na inaganda mwilini. Basi wanaompigia mbizi watavaa merikani, na yeye merikani ileile, jora moja. Maji halisi mwongozaji hayataki, sakafu itateleza na ngoma inafuata. Kwa hiyo nimewashonea wapiga mbizi shuka la pili: chai nzito mara dufu kutoka kifuani kushuka chini, ukingo wa rangi nimeufifiza kwa sifongo, halafu gundi nyeupe iliyozimuliwa, ambayo ikikauka inang'aa na kukigandisha kitambaa katika mikunjo niliyoipanga ikiwa ingali mbichi. La Kinjeketile nimelifua mara nyingi bila gundi wala wanga, limekuwa jepesi, linapepea anapotembea. Tumewasimamisha wanne pamoja, mimi nikarudi mpaka ukutani. Watatu wamelowa. Mmoja ni mkavu.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi ya mwisho tukiwa na mavazi yote. Pembeni ya jukwaa nimeweka viti viwili, tochi iliyofunikwa karatasi ya bluu, na sare zimepangwa kwa mpangilio wa kuvaliwa: suruali imekunjwa tayari kwa kuingiza miguu, soksi za kaki juu yake, koti limefunguliwa, mkanda, kofia mwisho. Msaidizi mmoja kwa kila kijana, na anajua aanze na mkono upi. Hakuna kuongea. Tumerudia mpaka kijana mwenyewe akasema ameacha kufikiria nguo, anafikiria maneno yake. Hapo ndipo niliporidhika.

Jumapili, 23 Juni

Tumemaliza. Jana usiku, Kinjeketile alipopanda kutoka ukingoni na shuka likapepea mbele ya wale watatu, mzee mmoja wa safu ya kati alisema kwa sauti, "Mkavu!" Jirani yake akaitikia. Nilikuwa gizani na pini mdomoni, nikalia.

Leo ni kufua. Kila nguo ina namna yake. Vitambaa vya kwapani nilivyovifunga kwa vifungo vya kubonyeza ndani ya makoti vimetolewa na kufuliwa kila usiku, kwa hiyo kaki zenyewe hazinuki na nembo hazijalowa. Mashuka ya gundi hayafuliwi, yanapanguswa. Kaniki peke yake kwenye beseni lake. Kila iliyochanika nimeiandika: wapi, onyesho lipi, kwa nini. Vikwapa vyote vizima.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda Bagamoyo kuuliza nafasi za masomo TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa. Ushonaji ninao, nataka nijifunze jukwaa kwa ukamilifu wake, taa, miondoko na ngoma, ili nizungumze na mwongozaji kwa lugha yake. Nimebeba albamu ya kazi. Picha za nguo zilizopendeza ni chache humo. Kuna jedwali, bahasha mbili za wahusika, picha za makoti yaliyopinduliwa ndani nje, na orodha ya matengenezo ya kila usiku. Nguo nzuri mafundi wengi wanaweza kuonyesha. Ninachotaka kuaminiwa nacho ni kwamba ya kwangu itafika onyesho la mwisho ikiwa nzima.

Niliporudi nikakuta ujumbe wa mwalimu wa shule moja ya sekondari. Wanaandaa igizo la Mkwawa na wanauliza bei ya mavazi ya watu ishirini. Nimemjibu hivi usiku huu:

"Mwalimu, shikamoo. Nitafurahi kuifanya kazi hii. Ili nikupe bei ya haki, naomba majibu haya. Igizo ni la vita vya Lugalo mwaka 1891, au linafika mpaka kifo chake mwaka 1898? Nani anacheza wahusika wawili, na ana dakika ngapi za kubadili? Nani atapigana, ataanguka au kuchuchumaa? Kuna maji, damu au moto? Mtaonyesha mara ngapi, na nani atafua? Mavazi yabaki shuleni au mnayakodi? Wanafunzi nitawapima shuleni, mbele ya mwalimu wao. Nusu ya malipo ni kabla sijakata kitambaa, na mkataba nimeuambatisha."